Mtu wa Mia Tatu

Hebu fikiri, ndugu msomaji, juu ya mtu ambaye katika kazi yake anashika nafasi ya 300 kwa ubora duniani kote. Kama ni daktari wa moyo, wagonjwa hupanda ndege kumfuata aliko. Kama ni fundi wa kuchonga milango, kazi alizokwisha kupokea arubuni zake zinamngoja uani kwa miaka mitano ijayo. Dunia ina watu zaidi ya bilioni nane. Kuzidiwa na 299 tu kati yao ni jambo ambalo wengi wetu hatutalifikia katika lolote lile, hata katika kusonga ugali.

Lakini kama mtu huyo ni mcheza tenisi wa kulipwa, yamkini usiku huu amelala chumba kimoja na mwenzake katika hoteli ya bei nafuu, fulana zake kazifua kwenye sinki la kunawia uso, na anapiga hesabu kama baada ya kulipa nauli ya kesho atabakiwa na pesa ya kufunga nyuzi mpya kwenye raketi. Ana miaka 27. Alishika raketi mara ya kwanza akiwa na miaka sita. Swali linalomkosesha usingizi ni moja: niache, au nijaribu mwaka mmoja zaidi?

Swali hili nimeishi nalo kwa muda mrefu kuliko inavyomstahili mzee aliyemaliza maisha yake ya kazi akifundisha hesabu za biashara. Sababu yake nitaieleza mbele. Kwanza tuutazame mchezo wenyewe, maana wengi wetu huuona kwenye televisheni siku ya fainali tu, na fainali haisemi kweli yote.

Orodha ya ubora ya wachezaji wanaume ilianza mwaka 1973, na ya wanawake mwaka 1975. Kabla ya hapo mwenye mashindano aliweza kumwalika amtakaye na kumwacha asiyempenda. Orodha ikaleta haki: unapata pointi kwa mechi ulizoshinda, basi, bila kujali baba yako ni nani. Lakini haki hiyo ina ukali wake. Pointi uliyoipata wiki hii huishi wiki 52, kisha hufutika. Mwaka ujao wiki kama hii yakupasa uipate tena, la sivyo utashuka. Ni kama mkulima ambaye ghala lake hufagiliwa kila mwaka, awe amevuna au hakuvuna. Kwa hiyo mtu wa 300 hajapumzika pale alipo. Anakimbia kwa nguvu zake zote ili abaki palepale.

Na fedha je? Katika mashindano ya Wimbledon wachezaji 128 huingia kwenye ratiba kuu ya mmoja mmoja. Kwa kawaida 104 huingia kwa nafasi zao katika orodha, 16 kwa kushinda mechi za mchujo, na wanane kwa kupewa nafasi ya upendeleo. Mwaka 2024, mtu aliyeshindwa mechi yake ya kwanza tu pale alikwenda nyumbani na pauni 60,000. Sasa shuka hadi ngazi ya chini kabisa ya mashindano ya kulipwa, yale yenye zawadi ya jumla ya dola 15,000, ambayo huchezwa wiki baada ya wiki katika mahoteli ya pwani kama Monastir nchini Tunisia, Antalya nchini Uturuki na Sharm el-Sheikh nchini Misri. Bingwa wa wiki nzima hupata dola 2,160. Anayeshindwa mechi ya kwanza hupata dola 156, kabla ya kodi. Kutokana na hizo alipe chumba, chakula, na ndege ya kwenda kushindwa mahali pengine. Jopo huru lililochunguza uadilifu wa mchezo huu lilieleza mwaka 2018 kwamba watu kama 15,000 hivi huitwa wachezaji wa kulipwa, na kwamba ni wale 250 hadi 350 wa kwanza tu wanaorudisha gharama zao. Sizungumzii utajiri. Nazungumzia kutokudaiwa.

Ndiyo maana nafasi ya 100 ni kama ukuta katika mchezo huu. Upande mmoja watu wanaishi, upande wa pili wanahangaika. (Sisi wa Afrika Mashariki tunaye wetu aliyeugusa ukuta huo kwa mkono wake: Paul Wekesa wa Kenya, aliyefika nafasi ya 100 hasa mwaka 1995. Sijui ni wangapi kati yetu wanaomkumbuka.) Kuanzia 2024 chama cha wachezaji wanaume kilianza kuwahakikishia kipato cha chini wale walio ndani ya 250 bora, na hilo ni jambo jema. Ukuta umesogezwa. Lakini yuko mtu wa 251, na usiku wake ni uleule.

Sasa msomaji mwenye busara atauliza: kama hali ni hiyo, mbona hawaachi? Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo nilipokaa kwa miaka mingi.

Mkimbiaji ana saa. Kama unakimbia mita mia moja kwa sekunde 11, saa itakuambia kila siku, bila chuki wala huruma, kwamba huendi kwenye Olimpiki. Saa haibembelezi mtu. Tenisi haina saa. Roger Federer alipozungumza na wahitimu wa Chuo cha Dartmouth huko Marekani mwezi Juni 2024, aliwaambia kwamba katika mechi zake 1,526 za mmoja mmoja alishinda karibu asilimia 80, lakini kati ya pointi zote alizocheza alishinda asilimia 54 tu. Soma tena tarakimu hiyo. Mmoja wa wachezaji wakuu kupata kutokea alishindwa pointi 46 katika kila 100. Basi huyu mtu wetu wa 300, aliyefungwa leo kwa taibreka ya seti ya tatu, ameshinda pointi ngapi? Karibu nusu. Na hutokea, kwa jinsi mchezo huu unavyohesabiwa, kwamba aliyeshindwa mechi ameshinda pointi nyingi kuliko aliyemshinda. Anatoka kiwanjani na ushahidi mkononi kwamba anaweza. Mchezo haukumwambia hapana. Ulimwambia: bado kidogo.

Mwangalie Conor Niland wa Ireland. Nafasi yake ya juu kabisa ilikuwa ya 129. Mwaka 2011 alipenya mchujo akaingia Wimbledon, na mechi ya kwanza akakutana na Mfaransa Adrian Mannarino. Wakafika seti ya tano. Niland akaongoza gemu 4 kwa 1. Mshindi alikuwa akienda kukutana na Federer. Gemu mbili tu zilibaki, na mtu huyu angesimama mbele ya dunia nzima siku mbili baadaye. Hakuzipata, aliyekwenda kwa Federer ni Mannarino. Mwaka uliofuata nyonga ilimlazimisha Niland kuacha, naye akaja kuandika kitabu juu ya maisha hayo, *The Racket*, kilichotoka mwaka 2024. Mimi nina hakika kwamba kama Niland angekuwa akifungwa 6-0, 6-0 kila wiki, angeacha akiwa na miaka 20 na asingekuwa na kidonda chochote. Kushindwa kabisa ni rehema ya aina yake. Kinachomla mtu ni kukaribia.

Wazee wetu walituachia methali za kila upande wa jambo hili. Mvumilivu hula mbivu, tunaambiwa tukiwa wadogo. Lakini walewale husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu huchagua ile inayomfaa siku hiyo. Ipo moja, hata hivyo, ambayo nadhani imewaponza wengi: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mchezaji wa 300 anaijua methali hii hata kama hajapata kusikia neno la Kiswahili. Ametumia miaka 20. Wazazi wake wameweka nyumba rehani. Dada yake hakusoma chuo alichokitaka kwa sababu fedha zilikwenda kwa kocha. Akiacha sasa, yote hayo yatakuwa ya nini? Basi anaongeza mwaka mmoja, ambao nao unaingia katika hesabu ya yaliyotumika, na mwakani itakuwa vigumu zaidi kuacha kuliko mwaka huu. Kama mwalimu wa hesabu niliwaambia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba fedha iliyokwisha kutoka haina kura katika uamuzi wa kesho. Waliandika hivyo kwenye mtihani wakapata alama zao. Lakini hakuna hata mmoja, wala mimi niliyewafundisha, anayeishi hivyo.

Na kuna hadithi za waliovumilia wakafanikiwa. Hizo ndizo zinazowamaliza. Marcus Willis, Mwingereza, alikuwa nafasi ya 772 mwaka 2016, akifundisha tenisi watoto na watu wazima katika klabu ya Warwick. Alikuwa amekwisha amua kuhamia Philadelphia kufundisha huko; mpenzi wake akamshawishi abaki ajaribu tena. Alishinda mechi tatu ili tu aruhusiwe kuingia kwenye mchujo wa Wimbledon, akashinda tatu za mchujo wenyewe, akashinda ya kwanza ya ratiba kuu dhidi ya Ričardas Berankis aliyekuwa nafasi ya 54, kisha akasimama kwenye Uwanja Mkuu mbele ya Federer. Alifungwa 6-0, 6-3, 6-4, huku watu wakimshangilia kana kwamba ndiye mshindi. Nami niliangalia mechi ile, na sioni haya kusema kwamba nilitokwa na machozi.

Lakini baada ya machozi hujiuliza. Hadithi ile ilisomwa na watu elfu kadhaa waliokuwa katika nafasi ya 500, ya 700, ya 900, ambao usiku ule walikuwa karibu kuacha. Ni wangapi waliongeza mwaka kwa ajili yake? Hao hatutawasikia. Willis mwenyewe hakupata kufika tena pale katika michezo ya mmoja mmoja. Alitangaza kustaafu mwaka 2021, kisha akarudi kucheza michezo ya wawili wawili. Hilo la kurudi lilinifurahisha. Lilinionyesha kwamba kuacha si kufa, ingawa anayekabiliana nako hukuona hivyo.

Yako pia mambo ya aibu zaidi yanayomkuta mtu anayeng'ang'ania bila riziki. Mahali ambapo kushindwa kunalipwa dola 156, huja mtu wa kamari akakunong'oneza kwamba kushindwa kwa kukusudia kunaweza kukulipa mara ishirini. Marco Trungelliti wa Argentina alifuatwa hivyo mwaka 2015. Akakataa, akatoa taarifa, baadaye akatoa ushahidi, na malipo aliyoyapata ni baadhi ya wenzake kumwita msaliti. Ndiye huyohuyo ambaye mwaka 2018, baada ya kushindwa katika mchujo wa Paris na kurudi nyumbani Barcelona, alipata habari kwamba huenda kuna nafasi imepatikana, akaingia kwenye gari pamoja na ndugu yake, mama yake na bibi yake mwenye miaka karibu 90, wakaendesha saa kumi, akafika, akacheza, akashinda. Nampenda mtu huyu kuliko mabingwa wengi. Naye angekwisha acha siku nyingi kama angesikiliza hesabu zangu.

Basi nasimama wapi? Sikubaliani na wale wanaosema anayeacha ni mnyonge. Kauli hiyo hutolewa na waliofanikiwa, na aliyefanikiwa hawezi kuwa shahidi mwema, kwa kuwa kila aliyefika alivumilia, lakini si kila aliyevumilia alifika. Wala sikubaliani na wale wa upande wa pili, watu wa daftari, wanaosema kama hulipi gharama zako ondoka. Kwa kipimo hicho walimu wengi wa shule za msingi ninaowafahamu wangeondoka kesho.

Mimi ningemwuliza mtu wa 300 mambo mawili. La kwanza: tuseme leo unaambiwa, kwa hakika isiyo na shaka, kwamba mwisho wa mwaka huu utakuwa palepale ulipo, wala hutapanda hata hatua moja. Je, ungeuishi mwaka huo? Mazoezi ya alfajiri, safari, mpira ukigonga katikati ya raketi, ugeni wa miji. Ungevitaka kwa vyenyewe? Kama ndiyo, basi kaa, na usimwombe mtu radhi. Kama la, kama mwaka huo una thamani tu kwa sababu ya mlango ulio mwisho wake, basi huenda umekwisha acha zamani na ni mwili tu unaosafiri. La pili: ni nani anayelipa, na je, umemwuliza? Maana uvumilivu unaogharimiwa na mwingine pasipo ridhaa yake ni ukopaji, hata ukipewa jina zuri kiasi gani.

Najua hoja yangu ina tundu. Víctor Estrella Burgos wa Jamhuri ya Dominika aliwahi kuwa mwalimu wa tenisi kama wengine wengi waliokata tamaa. Akarudi mashindanoni, na mwaka 2014, akiwa na miaka 33, akaingia ndani ya 100 bora kwa mara ya kwanza. Kati ya 2015 na 2017 akatwaa ubingwa wa Quito mara tatu mfululizo. Pengine watu wa namna yake huongozwa na tumaini lisilo na akili, na tumaini likipimwa kwa maswali yangu mawili hufa. Tundu hilo sina cha kuliziba.

Sasa nieleze ile sababu niliyoahidi.

Nilikulia Tanga, na nikiwa mtoto nilikuwa muokota mipira katika klabu moja ya tenisi. Jioni wakubwa walipoondoka tulicheza sisi, kwa raketi zilizokatika nyuzi tukazifunga upya kwa mishipi ya kuvulia samaki. Nilipofika miaka 19 hapakuwa na mwanachama aliyeweza kunishinda. Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa tena mwishoni mwa 1983, nilianza kwenda Nairobi kwenye mashindano. Nauli alitoa mama yangu, aliyekuwa akiuza vitumbua. Mara ya tatu aliuza cherehani. Niliambiwa na watu waliojua kwamba nikipata mtu wa kunipeleka nje nitafika mbali. Mwaka 1985, nikiwa na miaka 24, nilifungwa 7-5 katika seti ya tatu na kijana niliyekuwa nikimwongoza 5-2. Nilirudi kwa basi kupitia Mombasa na Horohoro. Njia nzima sikuwaza mechi. Niliwaza cherehani.

Niliposhuka stendi ya Tanga nilikuwa nachechemea.

Goti halikuwa na kitu. Niliwaambia watu wote kwamba limeharibika, na mama akanikanda kwa maji ya moto na chumvi majuma mawili. Sikuweza kumwambia kwamba naacha nikiwa mzima. Nilitaka mwili useme badala yangu, kwa kuwa aliyeumia huonewa huruma, na aliyeamua huulizwa maswali. Mama alifariki akiamini habari ya goti. Mke wangu anaiamini, au labda haamini na ni mwungwana. Kwa hiyo ninapomsoma Niland na nyonga yake, ambayo kwake ilikuwa ya kweli, kuna kitu kama wivu hunipata, nami nimeshindwa kukiondoa katika umri huu.

Dada yangu aliolewa Nairobi, na mwanawe ni mcheza tenisi. Yuko nafasi ya elfu moja na mia kadhaa, ana miaka 26. Mwaka jana alinipigia simu usiku kutoka Monastir.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba baba. Umeshinda?"

"Nimefungwa. Taibreka ya seti ya tatu." Akanyamaza kidogo. "Mjomba, wewe goti lilikuamulia. Mimi sina ninapoumwa. Sasa nitajuaje?"

Nilikaa kitandani. Nikamwambia habari ya goti, tangu Horohoro hadi maji ya chumvi, na ya cherehani nikamwambia. Hakusema neno kwa muda hata nikadhani simu imekatika.

"Mbona ngazi za kwetu unazipanda ukichechemea?"

Nikamwambia kwamba nilichechemea mbele ya watu miezi mingi hata mguu ukazoea, na ulipotaka kusahau, uzee ukafika. Akacheka, nami nikacheka. Kisha akaniuliza cherehani lilikuwa la aina gani. Nikamwambia, Singer, la mkono. Akasema atanipigia tena Jumapili, maana asubuhi saa tatu ana mechi ya wawili wawili na bado hajafunga nyuzi.